Namba Inayosomwa Mara Mbili: Viashiria vya Moyo Katika Damu na Miaka Inayofuata

Viashiria vya moyo katika damu ni protini na homoni ambazo moyo huziachia unapojeruhiwa, unapoelemewa na shinikizo au unapotanuka kupita kiasi chake. Vipimo vyake vilibuniwa kwa ajili ya swali la dharura, nalo ni kama mgonjwa aliyefika na maumivu ya kifua au na pumzi inayomkatika amepatwa na shambulio la moyo, moyo wake umeshindwa kusukuma damu, au ana maradhi mengine kabisa. Kadiri miaka ilivyopita ikabainika kwamba majibu yaleyale yamebeba habari ya pili, inayohusu nani atakuwa hai baada ya miezi sita, miaka mitano au miaka tisa, na habari hiyo ndiyo inayopuuzwa zaidi katika hospitali zetu. Makala haya yanatokana na kumbukumbu za kazi ya maabara na kliniki ya moyo katika hospitali ya rufaa nchini Tanzania, zikipimwa kwa yale yaliyothibitishwa na tafiti kubwa, na hoja yake ni moja: kiashiria cha damu husema kitu cha kutegemewa kuhusu miaka ijayo pale tu kinapohifadhiwa, kikalinganishwa na kile kitakachofuata, na kikazaa uamuzi wa tiba.

Kipimo cha kwanza cha aina hii kilitangazwa mwaka 1954 mjini New York, pale John LaDue, Felix Wróblewski na Arthur Karmen walipoonyesha kwamba kimeng'enya kiitwacho transaminasi huongezeka katika damu ya mtu aliyepatwa na shambulio la moyo. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia ndani ya seli, na seli ya moyo inapokufa kwa kukosa damu, utando wake hupasuka na vilivyomo huvuja hadi kuingia katika mzunguko wa damu. Kwa hiyo ongezeko hilo lilikuwa ushahidi wa kifo cha seli, ushahidi ambao awali ulitafutwa zaidi katika mchoro wa umeme wa moyo. Udhaifu wake ni kwamba transaminasi hiyohiyo imo pia katika ini na katika misuli ya mikono na miguu, na hivyo mgonjwa wa homa ya ini aliweza kutoa majibu yanayofanana na ya mgonjwa wa moyo. Kreatini kinasi, na hasa aina yake ya MB iliyomo kwa wingi zaidi moyoni, ilipunguza tatizo hilo bila kulimaliza. Wataalamu wa maabara waliojifunza kazi enzi za vimeng'enya wanakumbuka vitendanishi vikichanganywa kwa mkono, muda ukihesabiwa kwa saa ya ukutani na rangi ikisomwa kwenye mashine ya mwanga, hata majibu yakafika wodini siku ya pili yake, wakati mgonjwa ama ameshatulia ama ameshazikwa.

Mabadiliko makubwa yalikuja na troponini. Setsuro Ebashi na wenzake mjini Tokyo waliitambua protini hii katika miaka ya 1960 walipokuwa wakichunguza namna kalsiamu inavyouamuru msuli kukaza na kulegea, na baadaye ikaeleweka kwamba ni kundi la sehemu tatu zilizoshikamana: C inayopokea kalsiamu, I inayouzuia msuli usikaze kabla ya wakati wake, na T inayolifunga kundi zima kwenye uzi wa msuli. Sehemu za T na I zilizomo moyoni zimeundwa tofauti kidogo na zile za misuli mingine, na tofauti hiyo ndiyo iliyomwezesha Hugo Katus na wenzake mjini Heidelberg, mwishoni mwa miaka ya 1980, kutengeneza kipimo kinachotumia kingamwili kuitambua troponini T ya moyo. Baada ya shambulio la moyo, troponini huanza kupanda katika damu ndani ya saa chache, na huweza kubaki juu kwa wiki moja hadi mbili, jambo linalomsaidia hata mgonjwa aliyechelewa kufika hospitali kwa sababu alianza kwa kunywa dawa ya vidonda vya tumbo na kusubiri maumivu yapoe.

Katika maabara ambayo kumbukumbu hizi zinatoka, troponini iliingia kwa njia ya kipimo cha haraka, yaani kifaa kidogo cha plastiki chenye kitundu cha kudondoshea sampuli na dirisha la kusomea mistari. Damu ilizungushwa kwenye sentrifuji mpaka majimaji ya manjano yakajitenga juu ya chembe nyekundu, matone machache yakadondoshwa kitunduni, na baada ya dakika 15 mtaalamu akainama kutafuta mstari wa pili. Mstari ukiwa mzito hapakuwa na mjadala. Ukiwa hafifu, wataalamu wawili walikibeba kifaa hadi dirishani penye mwanga, mmoja akasema anauona na mwingine akasema hauoni, mpaka mkuu wa zamu akatoa hukumu kwamba mstari hafifu nao ni mstari. Fomu ilirudi wodini ikiwa na neno moja, chanya au hasi, na neno hilo lilitosha kuamua kama mgonjwa alazwe. Lisichoweza kubeba ni kiasi, kwa maana mgonjwa ambaye mstari wake ulikuwa kivuli tu na yule ambaye mstari wake ulikolea kabla hata dakika tano hazijapita waliandikiwa neno lilelile, wakatibiwa sawasawa na wakaruhusiwa na tarehe moja ya kurudi kliniki.

Uzito wa kiasi hicho ulikuwa umeshaonyeshwa tangu mwaka 1996, pale Elliott Antman na wenzake walipochapisha uchambuzi wa wagonjwa 1,404 wenye maumivu ya moyo yasiyo tulivu au shambulio dogo la moyo. Miongoni mwa wale ambao troponini I yao ilikuwa chini ya nanogramu 0.4 katika mililita moja ya damu, asilimia 1.0 walikuwa wamefariki kufikia siku ya 42, ilhali miongoni mwa wale waliofikia au kuvuka kiwango hicho walifariki asilimia 3.7, na kila kiwango kilipopanda hatari nayo ilipanda, mpaka ikafika asilimia 7.5 kwa wale waliokuwa na nanogramu 9 na kuendelea. Nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu, na inafaa kutafakari kwamba kiasi kidogo namna hiyo cha protini iliyovuja kiliweza kuwatenganisha watu ambao kwa macho, kwa mapigo ya moyo na kwa maelezo yao wenyewe walikuwa wakifanana. Fundisho la kwanza, basi, ni kwamba jibu la ndiyo au hapana huokoa muda wa usiku ule, lakini ni namba inayosema jambo kuhusu wiki na miezi inayofuata.

Mwaka 2000 vyama vya wataalamu wa moyo vya Ulaya na Marekani viliifanya troponini kuwa msingi wa kulitambua shambulio la moyo, na mpaka uliowekwa ulitokana na watu wenye afya njema: wakipimwa watu hao wakapangwa kuanzia mwenye kiwango cha chini hadi mwenye kiwango cha juu, basi kiwango ambacho 99 kati ya kila 100 wako chini yake ndicho kikomo cha kawaida. Miaka kumi hivi baadaye vikaja vipimo vyenye uwezo mkubwa zaidi wa kugundua, ambavyo huiona troponini hata katika damu ya watu wengi wasio na ugonjwa wowote, na hapo ndipo habari ya muda mrefu ilipojitokeza wazi. Mwaka 2009 Torbjørn Omland na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 3,679 wenye ugonjwa tulivu wa mishipa ya moyo, watu waliokuwa nyumbani kwao wakiendelea na shughuli zao bila shambulio jipya. Karibu wote walikuwa na troponini inayoweza kupimika, asilimia 11.1 walikuwa juu ya kikomo cha kawaida, na katika ufuatiliaji wa takriban miaka mitano vifo vya moyo na kushindwa kwa moyo viliongezeka kadiri kiwango cha mwanzo kilivyokuwa kikubwa, hata ndani ya eneo lililohesabiwa kuwa la kawaida. Moyo wa watu hao ulikuwa ukipoteza seli kidogo kidogo bila maumivu yoyote, na damu ilikuwa na habari hiyo kabla mwenyewe hajajua.

Uwezo huo mpya ulileta mkanganyiko wake. Troponini huonyesha kwamba msuli wa moyo umeumia, nayo haisemi kimeuumiza nini. Hupanda katika shambulio la moyo, na hupanda pia katika donge la damu kwenye mapafu, maambukizi makali ya damu, mapigo ya moyo yaendayo kasi kwa muda mrefu, uvimbe wa msuli wa moyo na ugonjwa sugu wa figo. Njia ya kutofautisha iko katika kupima tena, kama vile anayeitazama bahari mara moja tu asivyoweza kujua maji yanajaa au yanakupwa. Ndiyo maana ufafanuzi wa kimataifa wa mwaka 2018 huliita jeraha la moyo la ghafla pale namba inapopanda au kushuka kati ya sampuli mbili zilizochukuliwa kwa saa chache, na huliita jeraha sugu pale namba inapokaa juu bila kubadilika. Kosa linaloonekana mara nyingi wodini ni kumfuta mgonjwa wa kundi la pili kwa maneno ya kwamba ni figo tu, wakati mgonjwa wa figo mwenye troponini iliyoganda juu ni mtu mwenye hatari kubwa ya kufariki katika miaka michache ijayo, anayehitaji presha yake idhibitiwe na moyo wake uchunguzwe kwa ECHO, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, hata kama usiku ule hana shambulio.

Wakati huohuo mashine za kisasa za kutoa namba zilipoanza kufika, kulizuka tatizo ambalo vitabu vya kufundishia havikulipa nafasi kubwa. Mgonjwa mmoja, mama wa makamo, alihamishwa kutoka hospitali moja kwenda nyingine akiwa na karatasi iliyoandikwa troponini 0.04, na alipopimwa upya majibu yakasoma 40. Mwanawe aliyekuwa akimuuguza akaziweka karatasi mbili kwenye kaunta ya maabara na kuuliza ilikuwaje ugonjwa ukaongezeka mara elfu moja kwa safari ya jioni moja. Karatasi ya kwanza ilihesabu nanogramu katika mililita na ya pili ilihesabu nanogramu katika lita, na kwa kuwa lita moja ina mililita elfu moja, namba hizo mbili zilikuwa kiwango kilekile. Mtaalamu wa zamu alichukua kalamu akaandika vipimo vyote viwili kwa namna moja, kijana akatulia, na muhimu zaidi ni kwamba daktari naye alitambua kuwa troponini ya mama huyo haikuwa imepanda hata kidogo. Ugumu huo huzidi kwa troponini I, inayotengenezewa vipimo na makampuni mbalimbali kwa kingamwili tofauti, kiasi kwamba namba ya mashine moja haiwezi kulinganishwa moja kwa moja na ya mashine nyingine hata vizio vikifanana. Jibu lisilo na kizio chake, jina la mashine na saa ya kuchukuliwa kwa damu haliwezi kulinganishwa na lolote.

Kundi la pili la viashiria lina asili tofauti, kwa sababu halitokani na seli zinazokufa. Linatokana na seli hai zinazolalamikia mzigo. Mwaka 1981 Adolfo de Bold na wenzake nchini Kanada walionyesha kwamba dondoo la vyumba vya juu vya moyo wa panya, likidungwa katika panya mwingine, huzifanya figo zitoe chumvi na maji kwa wingi, na kwa jambo hilo moyo ukafahamika kuwa ni pampu na wakati huohuo ni tezi inayotoa homoni. Mwaka 1988 watafiti wa Kijapani wakapata homoni ya jamii hiyo katika ubongo wa nguruwe, ikapewa jina la BNP, ambalo herufi yake ya kwanza inatokana na neno la Kiingereza brain, yaani ubongo, ingawa baadaye ilithibitika kwamba kwa binadamu chanzo chake kikuu ni vyumba vya chini vya moyo. Ukuta wa vyumba hivyo unaponyooshwa na damu iliyojaa kupita kiasi, seli hutengeneza mnyororo wa amino asidi 108, unaokatwa vipande viwili: BNP yenye amino asidi 32, inayofanya kazi ya kulegeza mishipa na kuamuru figo zitoe chumvi, na NT-proBNP yenye amino asidi 76, isiyo na kazi inayojulikana lakini inayodumu zaidi katika damu na katika chupa ya sampuli, na kwa hiyo inayofaa sana kupimwa.

Faida yake ya haraka ilithibitishwa mwaka 2002 na Alan Maisel na wenzake katika wagonjwa 1,586 waliofika idara za dharura wakiwa na shida ya kupumua, ambapo kiwango cha pikogramu 100 za BNP katika mililita (pikogramu ni sehemu moja ya elfu ya nanogramu) kiliwasaidia madaktari kutofautisha kushindwa kwa moyo na maradhi ya mapafu. Kuhusu miaka ijayo, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na Charlotte Kragelund na wenzake nchini Denmark unafaa kukumbukwa na kila anayefanya kazi kliniki. Wagonjwa 1,034 wenye ugonjwa tulivu wa mishipa ya moyo walipimwa NT-proBNP mara moja, kisha wakafuatiliwa kwa kipindi cha takriban miaka tisa, ambamo 288 walifariki. Na kiwango cha siku ile ya kwanza kilitabiri vifo hata baada ya kuzingatia umri, kisukari, utendaji wa figo na nguvu ya moyo kusukuma damu kama ilivyopimwa kwa picha. Maana yake ni kwamba kiashiria hicho hukusanya katika namba moja mizigo mingi ambayo vipimo vingine huiona mmoja mmoja: presha ya miaka mingi, kovu la zamani, vali inayovuja, ukuta mgumu usiolegea, figo zinazochoka.

Kwa Afrika ya Mashariki kundi hili la pili lina uzito wa pekee, kwa kuwa maradhi ya moyo yanayojaza wodi zetu si yaleyale yaliyowashughulisha wagunduzi wa troponini. Utafiti wa THESUS-HF, uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu wagonjwa 1,006 wa nchi tisa za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda, ulikuta kwamba wastani wa umri wa waliolazwa kwa kushindwa kwa moyo ulikuwa miaka 52, kwamba chanzo kikuu kilikuwa presha kwa takriban asilimia 45, na kwamba ugonjwa wa mishipa ya moyo ulichangia chini ya asilimia 8; asilimia 17.8 ya wagonjwa hao walikadiriwa kufariki ndani ya siku 180. Utafiti wa Muhimbili jijini Dar es Salaam, ulioongozwa na Abel Makubi na kuchapishwa mwaka 2014, ulifuatilia wagonjwa 427 wenye wastani wa miaka 55 na kukuta picha inayofanana, presha ikiwa mbele, ikifuatwa na magonjwa ya msuli wa moyo na vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Hao ni watu wenye umri wa kufanya kazi na kulea, na kufariki kwao ndani ya mwaka huacha ada za shule bila mlipaji.

Hata hivyo, takwimu hizo zisichukuliwe kama ushahidi kwamba shambulio la moyo ni ugonjwa wa wengine. Uchunguzi uliofanywa Moshi na kuchapishwa mwaka 2020, ambapo wagonjwa wa idara ya dharura wenye maumivu ya kifua au shida ya kupumua walipimwa wote mchoro wa umeme wa moyo (ECG) na troponini kwa utaratibu wa utafiti, ulikuta kwamba zaidi ya mmoja kati ya watano walikuwa na shambulio la moyo, kwamba sehemu kubwa yao hawakuwa wametambuliwa katika huduma ya kawaida, na kwamba zaidi ya wanne kati ya kila kumi wa wenye shambulio walifariki ndani ya siku 30. Ugonjwa usiopimwa huonekana haupo, na daktari aliyefundishwa kwamba haupo hauagizii kipimo.

Kiashiria cha tatu, protini C-reaktivu, kinatajwa hapa kwa ufupi kwa sababu huagizwa mara nyingi na kueleweka mara chache. Hutengenezwa na ini wakati wa uvimbe wowote mwilini, na tafiti zilizoongozwa na Paul Ridker zilionyesha kwamba kiwango chake kinapokuwa juu kwa muda mrefu huashiria hatari ya moyo ya miaka ijayo. Mwaka 2017 utafiti wa CANTOS ulionyesha pia kwamba dawa inayopunguza uvimbe bila kugusa kolesteroli hupunguza mashambulio, ingawa iliongeza kidogo vifo vya maambukizi. Katika nchi yenye malaria, kifua kikuu na maambukizi ya mkojo, namba hiyo isomwe tu wakati mgonjwa hana homa, na irudiwe baada ya wiki kadhaa kabla ya kuhusishwa na moyo.

Swali zito kuliko yote ni kama kuijua hatari kunabadilisha mwisho wake. Utafiti wa GUIDE-IT, uliofanywa Marekani na Kanada na kuchapishwa mwaka 2017, uliwagawa wagonjwa 894 wa kushindwa kwa moyo katika makundi mawili, moja likitibiwa kwa lengo la kuishusha NT-proBNP chini ya pikogramu 1,000 katika mililita na jingine likipata huduma ya kawaida ya wataalamu. Ulisitishwa kabla ya wakati kwa sababu asilimia 37 ya kila kundi walifariki kwa ugonjwa wa moyo na mishipa au walilazwa tena kwa kushindwa kwa moyo, bila tofauti yoyote. Ukichunguzwa kwa undani, sababu yake inaeleweka: dozi za dawa katika makundi yote mawili zilikaribia kulingana, kwa hiyo namba haikuzaa tiba tofauti. Mwaka 2022 utafiti wa STRONG-HF, uliojumuisha wagonjwa 1,078 katika nchi 14 zikiwemo Msumbiji, Nigeria na Afrika Kusini, ulifuata njia nyingine. Wagonjwa wa kundi moja walipandishiwa dawa hadi dozi kamili ndani ya wiki mbili baada ya kuruhusiwa, wakaonwa katika wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya sita, na NT-proBNP ikatumika kama mlinzi, kwa maana ilipopanda kwa zaidi ya asilimia 10 daktari alisita na kuchunguza kama maji yamerudi mwilini. Baada ya siku 180 waliokufa au kulazwa tena kwa kushindwa kwa moyo walikuwa asilimia 15.2 katika kundi hilo na asilimia 23.3 katika kundi la kawaida. Kilicholeta tofauti hiyo ni dozi na ziara za karibu karibu, na kazi ya kipimo ilikuwa kuzifanya ziara hizo ziwe salama.

Jambo hilo lilionekana kliniki hata kabla halijaandikwa majaridani. Mzee mmoja mvuvi mstaafu, aliyekuwa akihifadhi karatasi zake zote ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya bima, alimkabidhi daktari majibu ya NT-proBNP na kumuuliza, "Mwanangu, hii namba inasema nitakufa lini?" Daktari akamjibu, "Mzee wangu, namba haina tarehe. Inatuambia uko kwenye kundi la watu wa kuonwa kila wiki, sio kila baada ya miezi mitatu." Jibu hilo fupi lilikuwa na elimu yote ya takwimu inayohitajika, kwani hatari inayopimwa na tafiti ni ya kundi, na mtu mmoja ndani ya kundi aweza kuishi miaka mingi au kufariki kesho; lakini kuwa ndani ya kundi fulani ni sababu ya kutosha ya kuonwa mapema zaidi, kupandishiwa dawa kwa haraka zaidi na kupimwa uzito kila asubuhi kwa mizani ileile. Mzee hakupewa hukumu, alipewa ratiba, na mkewe aliyekuwa pembeni ndiye aliyeikariri.

Tahadhari za kusoma namba hizo nazo zina nafasi yake. NT-proBNP hupanda kwa umri, kwa ugonjwa wa figo na kwa mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, na hushuka kwa watu wanene, hivi kwamba mama mnene mwenye moyo ulioshindwa aweza kuwa na namba inayomtuliza daktari asiyestahili kutulia. Dawa ya sakubitrili huizuia BNP isivunjwe na kwa hiyo huipandisha, ilhali NT-proBNP haiathiriki kwa njia hiyo, na mgonjwa anayeitumia afuatiliwe kwa hiyo ya pili. Vidonge vya biotini vinavyouzwa kwa ajili ya nywele na kucha vinaweza kuvuruga baadhi ya vipimo vya troponini, na sampuli ambayo chembe zake nyekundu zimepasuka kwa kuvutwa kwa nguvu kwenye sindano nyembamba irudiwe badala ya kusomwa.

Kutokana na hayo yote, mapendekezo yanayofaa kwa hospitali zenye fedha kidogo ni mepesi kuliko inavyodhaniwa. Karatasi ya kumruhusu mgonjwa wa moyo ibebe namba ya kiashiria, kizio chake, jina la mashine, tarehe na saa, pamoja na uzito wa mwili wa siku hiyo na dozi za dawa anazoondoka nazo, ili kliniki yoyote atakayofika, iwe ya wilaya au ya mkoa, iwe na pa kuanzia kulinganisha. Mgonjwa wa maumivu ya kifua apimwe troponini mara mbili hata kama ya kwanza imetoka hasi, na gharama ya kipimo cha pili ihesabiwe mapema katika mpango wa matibabu. Kwa mgonjwa wa kushindwa kwa moyo ambaye ugonjwa wake umeshathibitika kwa ECHO na ambaye familia yake inamudu NT-proBNP moja tu, kipimo hicho kisitumiwe siku ya kulazwa. Kifanywe siku ya kuruhusiwa, baada ya maji kupungua, kwa kuwa tafiti zimeonyesha mara kwa mara kwamba kiwango cha siku hiyo hutabiri miezi inayofuata vizuri kuliko kile cha siku ya kuingia. Na ambaye namba yake haikushuka angalau kwa asilimia 30, pale ambapo namba ya kuingia inajulikana, apangiwe kurudi ndani ya wiki moja.